Wakaguzi Walipokuja, Mama Walificha Watoto

Saa tatu asubuhi Vénantie anachambua kahawa kwenye meza ndefu, na maziwa yameanza kulowesha blauzi yake. Anatoa punje nyeusi, anatoa zilizovunjika. Mucyo, mwanawe wa miezi mitano, yuko nje ya uzio wa kiwanda, mikononi mwa jirani. Analia, anasikika hadi ndani.

"Ule ni wangu," anasema bila kuinua kichwa. "Mi najua sauti yake."

Hatatoka mpaka saa sita. Analipwa kwa kilo; akitoka kabla, zitapungua, na siku nzima humpa faranga elfu moja na mia tano tu. Mwezi huu, kwenye mizani ya kituo cha afya, Mucyo hakuongezeka hata kidogo.

Na kumbe haki ya kutoka anayo! Kahawa hii huuzwa ng'ambo kwa mkataba wa biashara, na mkataba una sharti: mama anayenyonyesha apewe chumba, apewe na muda, asikatwe malipo. Miezi miwili iliyopita wakaguzi walikuja kuangalia kama sharti linafuatwa.

Hapo ndipo Vénantie na mama wenzake wa kiwanda hiki cha Rubavu walipokosea. Walifagia, wakavaa vitenge vya kanisani, watoto wakapelekwa kwa majirani. Hakuna bosi aliyewaamuru. Mgeni haonyeshwi shida za nyumba, ndivyo walivyolelewa.

"Wakauliza, iko mama mwenye kunyonyesha? Mi nikasema hapana, iko muzuri tu," anasema Vénantie. " Niliogopa wanunuzi wataenda kununua kwingine."

Wakaguzi wakaandika walichoambiwa. Chumba kilichotengwa kikajazwa magunia.

Mama unayesoma haya, sikia: mkataba hauwezi kumlinda mtoto uliyemficha.

Wiki ijayo wakaguzi wanarudi.

"Bon, utawaambia nini, mama Mucyo?" Mahoro anamtania kutoka upande wa pili wa meza. "Kwamba ulimuzaa jana?"

Wote wanacheka, isipokuwa Tuyisenge, ambaye naye ana mtoto mchanga nyumbani. "Na wakikasirika kwamba tulidanganya? Tutarudi wote kulima viazi Kanama. We utatulisha?"

Vénantie anachambua kwanza.

"Nitasema nilidanganya. Halafu nitamunyonyesha hapa hapa mezani, waone. Ni aibu, najua. Lakini mutoto anakonda, Tuyisenge."

Tuyisenge anamaliza kuchambua kahawa iliyo kwenye ungo wake.

"Basi usikae peke yako," anasema. "Na wangu nitamuleta."