Mume Wangu Ni Mtaalamu wa Mitandao, Mradi Mimi Nishike Simu

Admin, ficha jina langu lakini maneno yangu usiyapunguze.

Nina miaka thelathini na sita, nimeolewa, nina mtoto mmoja. Nina kibanda River Road, nauza na kutengeneza ruta, hivi vifaa vya kusambaza intaneti. Kazi hii nimejifunza kwa macho na mikono. Mume wangu ana diploma ya kompyuta. Ameitundika sebuleni juu ya televisheni, na huipangusa vumbi mwenyewe. Vyombo hajawahi kugusa.

Kwa diploma hiyo alipata kazi ya kusimamia mitandao kwenye kliniki ya meno mtaa wa Hurlingham. Kila kitu kikigoma, bwana mtaalamu hujifungia chooni na kunipigia. Mimi naacha wateja nimsomee hatua moja moja. Siku moja nilimwambia aandike anwani ya ruta ili afungue mipangilio, akaiandika kwenye Facebook, mahali pa kuandikia status. Watu kumi na wawili wakai-like.

Mwezi jana intaneti ya ghorofa ya juu ilikuwa dhaifu. Akanunua ruta ya pili, akaichomeka kwenye ile ya kwanza, akaenda kunywa chai. Ruta zote mbili zikawa zinagawa anwani kwa kompyuta zilezile, kama landilodi wawili wanaopangisha chumba kimoja. Printa ikapotea, picha za meno hazifunguki, wagonjwa wamejaa. Kwa simu tulishindwana kwa sababu hakujua waya upi umeingia wapi. Nikafunga kibanda nikaenda.

Mwenye kliniki, daktari mmoja mama wa Kihindi, aliuliza mimi ni nani. Mume wangu, baba ya mtoto wangu, akajibu bila kupepesa jicho, "Huyu ni dadangu mmoja wa River Road, hunibebea waya."

Nikaingia chini ya meza na sketi yangu ya kazi, nikazima ugawaji wa anwani kwenye ruta ya pili, nikaipa printa anwani yake ya kudumu. Dakika ishirini. Yeye alisimama juu yangu akisema "eeh, hapo hapo" kwa sauti ya kusikika. Kazi ilipokubali, daktari alimshukuru yeye. Mimi akaniambia nikazane, nitajifunza mengi kwake.

Sasa, fundi wa River Road haachi kazi bila stika yenye namba yake ya simu. Ndiyo desturi yetu. Nilibandika yangu chini ya ile ruta. Mkitaka kunitetea mtasema ni mazoea ya mkono. Hapana, nilibandika makusudi, na niliikandamiza vizuri.

Jioni nilimuuliza kwa nini alinikana. Akamaliza ugali kwanza. "Mama Imani, ungetaka niseme nini mbele ya watu? Ati bibi ndiye ananifundisha kazi?"

Jana Jumamosi intaneti yao iligoma tena. Akanipigia kutoka chooni kama kawaida. Nikiwa bado namwelekeza, simu nyingine ikaingia. Nikamwambia asubiri. Ilikuwa daktari. Alikuwa amegeuza ruta akaona stika. "Dada, fundi wetu amejifungia chooni nusu saa. Ni wewe ulirekebisha ile siku, ama si wewe?"

Nikasema ni mimi. Akanitaka Jumatatu saa tatu, niwe nikisimamia mitandao yote ya kliniki. Mume wangu sikumwambia. Nilimrudia nikamwambia azime, awashe.

Nikienda, atafukuzwa, na mtoto atakula meza moja na baba mwenye kinyongo. Nisipoenda, nitabaki mbeba waya wa mtu asiyejua waya. Mapenzi sijui kama yapo, heshima ndiyo iliisha kabisa. Leo Jumapili ameniomba nimpigie pasi shati jeupe la kesho. Nimelipiga. Nimepiga na blauzi yangu.

Nishaurini kabla hakujakucha: niivae?