Koti la Mume wa Mteja Wangu

Mimi nina mkono mwepesi, sikatai. Kule Columbus, hapa hapa Marekani, upande wa Reynoldsburg, nilimtwanga mwenzangu wa saluni kwa kiti cha plastiki kwa sababu alimwambia mteja wangu kwamba nasuka kama nafunga mzigo. Naye akaning'ata bega, alama ipo mpaka leo. Wateja walikimbia na vichwa nusu, hakuna aliyerudi. Nikahamia Buffalo, West Side, nikaweka kiti kimoja cha kusukia sebuleni.

Safari hii niliapa: watu kwanza, nywele baadaye. Siku ya tatu baada ya kusuka nilikuwa napiga simu: "Kichwa bado kinauma?" Mtoto wa mteja akiwa na mtihani, naulizia. Aliyeleta mwenziwe namrudia nywele za mbele bure. Na kila aliyekaa nilimtania, maana mtu hasahau mahali alipochekea. Yote yalianza na mama mmoja Mkongo, mteja wangu wa kwanza. Alileta dada zake, dada zake wakaleta kanisa zima. Yule mama akinisusa nimekwisha, na nililijua hilo kila asubuhi nikifungua mlango.

Mumewe alikuwa akimsubiri ndani ya gari. Kila nusu saa aliingia na koti lake lile lile, anavuta suruali juu, anapiga ukuta kofi, na "basi" yake ya Kifaransa: "Donc, hii kichwa haitaisha leo?" Tunaangua kicheko, anatoka amenuna.

Akafa ghafla, kazini, kwenye ghala huko Cheektowaga.

Sasa, sisi Wanyamwezi tuna watani, na msibani kazi yao ni kumchekesha mfiwa. Mama yangu alipofariki, wakati huo niko Louisville, kabla ya Columbus, nililia siku tatu sili. Akaja Mzaramo mmoja, mtani wangu, amejifunga kanga yangu, akajibwaga sakafuni kuniigiza nilivyokuwa nagaragara: "Mama wee, nani atanitumia karanga!" Nikamrushia kiatu kikampata kwenye paji la uso. Halafu nikacheka, na siku hiyo nikala. Tangu hapo niliamini kwamba mfiwa asiye na mtani ameachwa peke yake.

Basi nikaenda msibani kwa yule mama. Sebule imejaa, wote wateja wangu. Koti la marehemu linaning'inia mlangoni. Shetani gani alinituma, sijui. Nikalivaa, nikavuta suruali juu, nikapiga ukuta kofi: "Donc, hii kilio haitaisha leo?"

Mjane akanyanyuka, akaingia jikoni walikokuwa wakisonga bugali, akatoka na mwiko. Wa kwanza ulitua mdomoni, jino likang'oka. "Unamucheka bwana yangu? Mu nyumba yangu?" Wa pili shingoni. Dada zake wakanikamata nywele, wakanivua koti wakinikanyaga mbavu, wakaniburuta mpaka ngazini na kunisukuma. Mimi, niliyempiga mtu kwa kiti, sikuinua hata kidole. Nilikaa kwenye theluji natema damu, najiambia, umeyataka mwenyewe, mjinga wewe.

Kiti kikabaki kitupu. Nilipiga simu, hazikupokelewa. Mmoja tu alipokea, akaniambia, "Bon, kwetu hatuna hiyo mambo yenu," akakata. Wiki ikaisha, ikaja nyingine, mwezi ukapita. Nilimchukia yule mama, nikajichukia zaidi. Siku moja nilikitandika kioo cha saluni ngumi, nikashonwa nyuzi tano.

Mchana mmoja mlango ukafunguliwa. Ni yeye, amekonda, nywele timtim, mfuko mkononi. Nikarudi nyuma mpaka nikagota ukutani. Nilidhani kaja na mwiko.

Akatoa lile koti. "Vaa."

"Mama, nisamehe, mimi sikuwa—"

"Vaa, nakuambia! Batoto banasahau sauti ya baba yabo." Akanisukumia koti kifuani. "Na mimi pia."

Nikavaa. Nikavuta suruali juu, nikapiga ukuta kofi kwa mkono wenye nyuzi. "Donc, hii kichwa haitaisha leo?"

Alinizaba kibao, sikio likavuma. Kisha akakaa kwenye kiti, akanigeuzia kisogo, mabega yanatikisika.

"Tena," akasema.