Fahali wa Babu Alivyoichosha Laptopu

Nianze na ujinga wangu. Siku tuliyomzika babu, nilipanga laivu ya mazishi mtandaoni itoe picha tatu kwa mpigo, kubwa, ya kati na ndogo, eti kila mtazamaji achague kulingana na bando lake. Uongo. Nilitaka ile kubwa tu, ili wenzangu wa shule kule Migori wanione vizuri nikiwa nimevaa headphone za mjomba kama fundi wa televisheni.

Mtazamaji wa maana alikuwa mmoja: mama mdogo, anayefanya kazi za nyumbani Uarabuni. Tajiri wake alimnyima ruhusa, kwa hivyo angemuaga babake kupitia simu. Mama aliniambia asubuhi, "Leo wewe ndiye macho yake. Usilete mchezo."

Nikaleta mchezo.

Mwanzoni mambo yalikuwa shwari. Boma la babu, nje kidogo ya Homa Bay, lilikuwa limetulia: turubai, viti, jeneza, akina mama wa kanisa wakijipepea. Laptopu hupenda vitu visivyosogea. Picha ya sasa ikifanana na iliyopita, haina kazi kubwa. Hilo nililijua. Nilichosahau ni tero buru, desturi yetu ya kukimbiza ng'ombe ili kifo kitoke bomani. Wakaingia, fahali wa babu mbele, vumbi, matawi, vijana wakipiga mayowe, mchungaji akiruka kando mdomo wazi. Kila kitu kilisogea kwa wakati mmoja, na laptopu ikalazimika kukichora mara tatu. Ikanguruma kama posho mill ya kusaga mahindi, kisha ikaganda.

Mama akaja mbio na simu. "Mamako mdogo anauliza mbona mchungaji hafungi mdomo."

"Ni mashine, mama. Vumbi limeichosha."

"Vumbi liko kule, mashine iko kwa meza. Wanafunua jeneza sasa hivi, wewe!"

"Usipunguze picha," mjomba akadakia, aliponiona nikinyoosha mkono kwenye laptopu. "Watu wa nje watatuona washamba."

Nikamwangalia mama, nikazima ile kubwa. Nikazima ya kati. Nikaanzisha tena na ndogo peke yake. Uso wa babu ukatokea vipande vipande kama ukuta wa matofali, lakini ukatokea, na wimbo wa akina mama ukasikika vizuri.

Simu ya mama ikalia. "Nimemwona," mama mdogo akasema. "Nimemwona baba." Akalia, mama naye akalia. Mimi nikajifanya nakagua waya.

Jioni, mama akisuuza vikombe, nilimweleza yote, hata habari ya wenzangu. Kitu kimoja kilinisumbua: mama mdogo hakumwona fahali, na ni yeye aliyemnunulia babu fahali huyo akiwa bado ndama. Mama akajipangusa mikono kwa leso, akasema:

"Kesho kabla ya chai utampigia, umwonyeshe fahali wake. Atakuwa amefungwa, anakula nyasi, hakimbii popote. Kwa hivyo usije ukaniambia mashine imechoka."