Maji ya Bi Klorini

Mtaa mzima ulimwita Bi Klorini, na hakuna aliyemwonea. Maisha yake yote ya kazi alisafisha wodi za hospitali, na alipostaafu alirudi nyumbani na imani ya huko: kisichopitiwa na klorini ni kichafu, hata kiwe kinameremeta. Mboga zilioga klorini. Vikombe vilioga klorini. Kila ndoo ya maji iliyoingia ndani ilitiwa kizibo kimoja cha dawa hiyo kabla haijaguswa na mtu. Mumewe, dereva wa lori mwenye mdomo usio na breki, aliwaambia wageni kwamba mkewe akifika peponi ataomba kwanza brashi. Wageni walicheka, naye Bi Klorini alicheka nao huku akiwafutia viti.

Kuku walikuwa wa mume. Tuseme ukweli, mke aliwachukia. Alichukia kinyesi chao kwenye baraza, manyoya yao kwenye nguo alizoanika, na ile tabia yao ya kuingia jikoni kama wenye nyumba. Lakini mume aliwajengea banda la mabati chakavu na wavu, na jioni alikaa nao kwenye kigoda akiwasimulia safari zake za lori. Alisema kuku ni wasikilizaji wazuri kuliko watu wa nyumba hii.

Kisha asubuhi moja, akivaa viatu, kiharusi kikamwangusha. Aliporudi kutoka hospitali mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, na mdomo ule haukutoa neno hata moja. Akili ilikuwapo. Alielewa kila kitu, alifuatilia kwa macho, alikasirika chai ikipoa. Neno tu ndilo halikuja. Bi Klorini, ambaye kwa miaka alikuwa akimsihi ampumzishe masikio, sasa angetoa chochote asikie hata tusi.

"Mpe anachokipenda," mtaalamu wa mazoezi alimwambia Bi Klorini pale hospitali. "Neno likirudi, litarudi kwa sababu ya kitu anachokitaka. Ila msizembee, mama. Miezi hii ya mwanzo ndiyo yenyewe. Ikipita, inakuwa kazi ngumu sana."

Alichokipenda kilijulikana. Wakati huo tetea mmoja mweusi alikuwa anaatamia kwenye kona ya banda, mkali kama askari wa zamu. Bi Klorini akaanza kumhudumia. Alijifunga kitambaa puani, akampelekea chenga za mahindi, akambadilishia maranda yaliyolowa, akadonolewa mikono mpaka ikavimba. Vifaranga walipototolewa na kukauka, alimchukua mmoja wa manjano akamweka kwenye kiganja cha kushoto cha mumewe.

Mume alimtazama yule kifaranga. Midomo ikahangaika, upande mmoja ukivuta na mwingine ukigoma. "Ti," akasema. Akapumzika. "Ti-ti-ti."

Bi Klorini alikaa chini sakafuni, palepale, hakujali kama pamefagiliwa. Alilia mpaka kifaranga akaogopa.

Kuanzia siku hiyo mwanamke ambaye hakuruhusu mtu kuingia na viatu alitandika magazeti sebuleni, akamwingiza tetea na watoto wake ndani ya boksi, karibu na kiti cha mume. Walinya, alifuta, wakanya tena. Hakulalamika. Mume aliwaita asubuhi, wakamkimbilia miguuni, na sauti ziliongezeka. Siku moja alisema "ku", akakunja uso akilitafuta "ku" la pili, akalikosa kidogo tu. Mke aliliona lile la pili lipo mlangoni, linasubiri kusukumwa.

Ndipo habari zikaja kwamba kideri, ule ugonjwa unaoua kuku, kimeingia mitaa ya chini na kinafagia mabanda. Bwana mifugo alipita na boksi lake la barafu. Kichupa kimoja cha chanjo kilitosha kuku wengi, kwa hiyo Bi Klorini aligawana na jirani yake, mpishi wa shule, ambaye kuku wake walikunywa maji ya pipa lenye ukoko wa kijani. Mara ngapi Bi Klorini alikuwa amemsema kwa pipa lile.

"Wanyimeni maji kwanza wapate kiu," bwana mifugo aliwaelekeza. "Kisha changanyeni kwenye maji, wanywe yote mara moja."

Bi Klorini alifanya kila kitu kama alivyoambiwa. Alisugua chombo. Alichota maji kwenye ndoo ya ndani, yale yale ya kila siku, akachanganya chanjo, akasimama pale mpaka tone la mwisho likaisha. Alilala akiwa na amani.

Kideri kilipofika mtaani kwao, kilianza kwa tetea. Mbawa zikashuka, mdomo ukawa wazi anahema. Vifaranga wakafuata, shingo zikipinda kama zilizonyongwa, kinyesi kijani kwenye magazeti. Mume aliwaita. Walijaribu kwenda, wakazunguka tu palepale. Aliendelea kuwaita, na Bi Klorini alikuwa akiokota mmoja baada ya mwingine, akifunga kwenye mfuko, akirudi. Yule wa manjano aliondoka wa mwisho, kiganjani mwa mume.

Kwa mpishi hakufa hata mmoja.

Bwana mifugo alikuja, akakuna kichwa. Chanjo moja, kichupa kimoja, siku moja. "Maji ulitoa wapi, mama?"

"Ya ndani. Safi, yana klorini."

Bwana mifugo alitafuta namna ya kulisema. "Chanjo hii ni kitu hai. Klorini imeiua kabla haijafika mdomoni mwa kuku. Ni kosa langu pia. Ila nani angefikiria kumwambia mtu asiwatilie kuku klorini?"

"Nilete wengine lini?"

"Si sasa. Ugonjwa umo humu ndani, umo bandani. Osha, acha pakae wazi miezi kadhaa."

Miezi kadhaa. Hiyo ndiyo miezi aliyokuwa nayo mume.

Mpishi alimshika bega, akamwambia, "Pole, shoga yangu. Hukujua." Hakusema neno juu ya pipa, na afadhali angesema.

Bi Klorini aliingia ndani. Angeweza kumdanganya, kumwambia kwamba ugonjwa umewachukua kuku wa kila mtu. Lakini mume angesikia jogoo wa mpishi akiwika, na kwa vyovyote hakuwa na nguvu ya uongo. Alipiga magoti mbele ya kiti.

"Mzee, ni mimi. Maji yangu ndiyo yaliyowaua."

Mume alimtazama. Mishipa ya shingo ikasimama, midomo ikaanza kuhangaika, na Bi Klorini, Mungu amsamehe, alisahau msiba wote akasogeza sikio, kwa sababu aliona kabisa neno linakuja.

"We," alisema mume. Akavuta pumzi. Kisha likatoka zima, kwa sauti ile ile iliyokuwa ikisimamisha magari barabarani: "Wewe."

Macho yake hayakuwa na msamaha. Aligeuzia uso dirishani.

Mtaalamu wa mazoezi alifurahi sana aliposikia kwamba neno la kwanza limepatikana. Alisema likija moja, mengine yanafuata nyuma yake. Bi Klorini hakumwambia ni neno gani, wala limepatikanaje.

Hayakufuata. Miezi ile imepita, banda limeoshwa na liko tupu, na mume ana neno hilo moja tu la kumtosha kwa shida zake zote. Akitaka maji husema "wewe". Akitaka kugeuzwa, akitaka dirisha lifunguliwe, akiumwa, "wewe". Hulisema sasa bila hasira, pengine hata kwa upole. Bi Klorini huitika mbio, kila mara, na kila mara husikia lile "wewe" la kwanza.