Hawakufa Kibudu

Mpaka leo nikipita Makadara mbele ya ile ofisi iliyogawa fidia ya ukame, mate hunijaa mdomoni, na si ya njaa.

Mama yangu ni mtu wa Mji wa Kale, hana desturi ya kulala bara ila kwenye matanga. Lakini babake alimwachia shamba upande wa Kilifi, pamoja na ng'ombe, na hao ng'ombe ndio waliotusomesha. Mvua ilipokata, mchungaji alipiga simu: nyasi zimekwisha, ng'ombe wamelala chini na hawainuki. Nikasema tuwauze. Wapi! Hata bure hakuna aliyewataka.

"Watindwe wote," mama akasema. "Sitaki hata mmoja afe kibudu."

Kwetu mnyama akifa kabla ya kisu kupita shingoni ni haramu, haliwi. Basi mchungaji akamwita mwalimu wa madrasa ya kule, wakachinja, na nyama ikaliwa na watu wa vijiji vya jirani ambao wenyewe walikuwa wakishindia uji. Sisi hatukuchukua hata mfupa. Mama alijifungia jikoni, akafungua redio kwa sauti ya juu ili nisimsikie akilia.

Halafu serikali ikatangaza kwamba kila mfugaji aliyepoteza mifugo kwa ukame atalipwa, na wenye mashamba wanaokaa kisiwani waende Makadara. Mama hakutaka makubwa. Alitaka mitamba wawili watatu wa kuanzia upya, kwa sababu kwa shamba tupu asingeweza kumlipa mchungaji, ingebidi aliuze. Alivaa buibui lake la Idi siku hiyo.

Tulimkuta pale jirani yetu, muuza vitambaa wa uchochoro wa nyuma, ambaye shamba lake linapakana na la mama. Yeye mbuzi wake aliwaacha wakafa, wakaoza, na mizoga akaipiga picha kwa simu. Alipiga mpaka mizoga ya ng'ombe, na maisha yake yote hajafuga ila mbuzi. Akapitishwa mbele ya macho yetu.

Zamu yetu ikafika. Afisa alikuwa akichokonoa meno, hata salamu ya mama hakuiitikia.

"Mizoga iko wapi, mama?"

"Hapana mizoga, mwanangu. Twaliwatinda."

Nilimfinya. Nikamnong'oneza aseme walikufa, mchungaji angetutolea ushahidi. Akanitazama kana kwamba nimevua nguo msikitini.

"Mlichinja?" afisa akasema. "Basi hilo si janga, hiyo ni karamu. Serikali hailipii karamu."

"Wangekufa kesho yake!" nikamwambia.

"Mngengoja kesho yake."

Watu wakacheka, na jirani yetu akawapita wote kwa kicheko. Nilimrushia yule afisa tusi ambalo siliandiki hapa, askari akaja kunitoa nje. Sijutii. Ninachojutia ni kwamba nilikuwa na moja tu.

Shamba likauzwa. Aliyelinunua ni jirani huyohuyo, kwa pesa hizohizo za mizoga, na siku ya kutia sahihi alikuja kwetu akanywa kahawa yetu vikombe viwili, akamwambia mama asihuzunike, yote ni mipango ya Mungu. Nilitoka barazani nikaenda kusimama njiani. Ningebaki, ningemmwagia buli zima.

Idi Kubwa iliyofuata, mkewe alibisha hodi na sinia lililofunikwa kawa. Lilikuwa paja la mbuzi, mbuzi aliyenona kwenye nyasi za babu yangu. Mama alilifunua, akalitazama kwa utulivu.

"Ahsante, mwanangu. Huyu mwalimtinda, au alikufa mwenyewe?"

Yule mwanamke alishtuka. "Tulimtinda, Bi Mkubwa, wallahi! Twawezaje kukuletea kibudu?"

"Ole wenu," mama akasema, akimrudishia sinia lake. "Hamtalipwa."