Pa Kuweka Tiki

Tulimwita Mama Dodoso, naye hakukasirika. Miaka kumi na tisa alichapa kazi za wanafunzi katika kibanda kinachotazamana na geti la chuo. Mimi nilikuwa kibanda cha pili, najalidi ripoti zao. Shule aliiacha mapema, lakini kwenye maswali ya utafiti walimu wengi wa mle ndani hawakufua dafu mbele yake.

Kila dodoso aliloletewa alilisoma kwanza akijifanya mtu mbishi, asiyekubaliana na mwenye utafiti. Akikosa pa kuweka tiki, karatasi inarudi.

"Hili si swali, mwanangu," alikuwa akisema. "Umeshajijibu, sasa unatafuta mashahidi."

Walinung'unika, wakarekebisha, wakafaulu. Waliorudi kusema asante unawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vingine vinabaki.

Alimlea binti wa marehemu kaka yake tangu binti huyo ana miaka minne. Mtoto alilala mchana chini ya meza ya kompyuta, akakua, akaingia chuo hicho hicho. Mwaka wa mwisho akaleta dodoso lake kuhusu vibanda vya getini na usafi wa chuo. Swali la saba liliuliza vibanda vinachafua mazingira kwa kiwango gani: sana, kiasi, au kidogo.

Mama Dodoso alivua miwani. Akamwambia aongeze jibu la nne, "havichafui". Binti akasema msimamizi wake ameshapitisha, na uongozi wa chuo unasubiri matokeo. Akigusa neno moja, atakaa mwaka mwingine.

"Shangazi, wewe chapa tu. Nani atavunja kibanda kwa karatasi ya mwanafunzi?"

Akachapa, nakala mia mbili. Niliuona mkono wake unasita nikanyamaza, na hilo linanikera mpaka leo.

Wiki ile binti akapita vibandani akigawa. Yangu niliikataa, nikamsihi shangazi yake naye aikatae. Akaipokea. Binti akamwomba asiache swali lolote wazi, maana fomu yenye pengo ingehesabiwa imeharibika. Basi yule aliyerudisha madodoso ya watu miaka yote hiyo akakaa na kalamu, akitafuta pa kuweka tiki. Mwisho akaweka kwenye "kidogo". Alisema hataki kumwangusha mtoto.

Mtoto hakuanguka. Ripoti yake niliijalidi mimi, jalada jeusi, na nikaisoma: wote waliojibu walikiri kwamba vibanda vinachafua chuo. Wote, bila hata mmoja kupinga. Miezi miwili baadaye tukapewa barua ya kuondoka ndani ya siku saba, na sentensi hiyo ilikuwa imenukuliwa humo.

Nilipompelekea nakala yake, Mama Dodoso alikuwa ameshasikia habari, anaifunga kompyuta kwa shuka. Aliisoma barua mara mbili, kama alivyozoea kusoma kila kitu.

"Hawajasingizia," akasema. "Na mimi nimo humo."