Viza ya Dada na Wembe wa Baba

Baba yangu aliugua ugonjwa wa plastiki. Ulimpata pale kijana mmoja kutoka Mbeya alipofungua duka la fotokopi karibu na stendi ya Sumbawanga, akaleta na mashine ya kuvisha karatasi plastiki kwa moto. Baba akapeleka cheti cha ubatizo, cheti cha ndoa, picha ya mama akiwa kwenye kwaya, mpaka kadi yangu ya kliniki. Niko kidato cha pili, sijui nani atanipima uzito tena.

Basi dada akarudi kutoka Dar es Salaam na viza ya kwenda kusoma chuo kikuu Ujerumani.

Mimi nilidhani viza ni kitu cha kutundika ukutani. Kumbe ni karatasi iliyobandikwa ndani ya pasipoti. Lakini ukiipindisha juani, aisee! Kuna alama inageuka kijani, inakuwa zambarau, inapotea, inarudi. Mimi ninayecheka hata msibani, niliomba niipindishe tena.

"Ni ya miezi mitatu," dada alisema. "Nikifika naomba kibali cha kuishi cha mwanafunzi. Kikikaribia kuisha, naomba tena."

"Chuo miaka yote hiyo, wamekupa miezi mitatu?" Baba akatikisa kichwa. "Na karatasi yenyewe laini hivi. Itachakaa hata Mbeya hujafika."

Hapo nilipaswa kushtuka. Sikushtuka.

Kesho yake dada akaenda saluni kusuka nywele za safari. Baba akachukua pasipoti, akaniita tuongozane mjini.

"Mzee, mashine inameza karatasi moja moja," yule kijana wa duka alisema. "Kitabu hakipiti."

Baba akafikiri. "Una wembe?"

"Wa nini?"

"Tuuchomoe huu ukurasa. Ukishakuwa mgumu, tunaurudisha humo humo."

Kijana akatoa wembe mpya, bado uko kwenye karatasi yake. Dada alishaniambia jikoni: pasipoti ikikosa ukurasa mmoja tu, safari imekufa.

"Baba, ukikata, dada haendi popote!"

"Nyamaza. Wewe kila kitu utani."

Ndiyo malipo ya kuchekesha watu tangu utotoni. Siku unasema kweli, hakuna wa kukusikiliza. Nikabadili mbinu.

"Sawa baba. Ila ipindishe juani kwanza, uone unachokata."

Akasogea mlangoni, akaipindisha. Mkono wenye wembe ukashuka wenyewe.

"Ee Mungu wangu. Inacheza!"

"Nami nione, mzee," kijana akaruka meza. Bibi mmoja aliyekuja kutoa fotokopi akachungulia, kisha akainama na kupiga makofi taratibu, vile Wafipa wanavyosalimia mkubwa. Alikuwa anaiamkia viza! Siku nyingine ningeanguka kwa kicheko. Nikatimua mbio saluni.

Dada alikuja anakimbia, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama moto wa nyasi. Tukakuta foleni ya kuitazama viza mlangoni.

"Usisukume, dada," kijana akamwambia. "Zamu yangu haijafika tena."

Dada akauona wembe mezani. Hakupiga kelele. "Baba," alisema, pumzi imemwisha, "hiyo alama ndiyo wanayoitazama uwanja wa ndege. Na ukurasa ukitoka, wananirudisha."

Baba akaitazama mara ya mwisho. Akaifunga taratibu, akampa kwa mikono miwili, mgongo umeinama kidogo. Baba yangu, kwa binti yake. Dada akapiga goti kuipokea. Nilikuwa na utani mzuri sana kuhusu zile nywele. Ukagoma kutoka.

Siku ya safari tukamsindikiza stendi. Konda akashika tiketi ya dada achane kipande chake, akavuta, akavuta tena. Haikuchanika. Ilikuwa ngumu kama sahani.

"Nani kafanya hivi?"

Baba akatazama mawingu. Konda akaigeuza geuza juani, akashindwa, akamwambia dada, "Haya, panda nayo."